Mlizamu wa Shaba

Watu wa siku hizi walikuwa wakija karakana kwetu wanaomba "bomba la paa". Wengine wanasema "gata", wengine "kile kimdomo cha maji", na mmoja hakusema kitu, alibinua tu mkono kama mtu anayemimina chai. Shangazi hakumhudumia mtu mpaka akitaje kitu kwa jina lake. Alikuwa anasimama na nyundo yake ya mti mkononi, anamtazama mteja kama mwalimu wa hesabu, kisha anamwambia, "Mlizamu. Hebu sema mlizamu." Mteja akishasema ndipo anaulizwa paa lake lina urefu gani na mvua ya kwao inapiga kutoka upande upi.

Siku moja nilimuuliza ana ubishi gani na neno. Akanijibu kwamba hana ubishi na neno, ana ubishi na watu wasiojua kazi yake. Maji ya paa hukusanyika kwenye mfereji wa bati uliofungwa ukingoni. Mfereji una mwisho wake, na pale mwisho ndipo unapokaa mlizamu, mdomo wa bati uliotokeza nje, ambao kazi yake ni moja tu: kuyatema maji mbali na ukuta. Ukiwa mfupi, maji yanarudi kulamba ukuta wako. Ukielekezwa ovyo, maji yanalamba ukuta wa jirani.

"Mtu asiyejua hayo," alisema shangazi, "anaweza kuua."

Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa anamsema mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hai, buheri wa afya, tena biashara yake imenawiri.

Mimi niliingia kwenye karakana ile nikiwa mtu mzima, na talaka yangu na masanduku mawili. Baba alinipa chumba, dada yake akanipa kalamu. "Utaandika oda za wateja," aliniambia. "Mwandiko wangu hata mimi mwenyewe unanishinda kusoma." Shangazi alikuwa mkubwa kwa baba kwa miaka sita. Hakuolewa. Kazi ya bati alifundishwa na babu, na babu alipofariki yeye ndiye aliyebaki na mikasi, fuawe, jiko la kulehemu na jina la karakana. Alikuwa mwembamba, mrefu, vidole vimejaa alama za kukatwa na bati, na alikuwa anapanda ngazi kama watu wengine wanavyopanda kitandani. Mji mzima ulijua kwamba mlizamu wa shangazi hauvuji. Nyumba yetu nzima ilikula na kuvaa kwa sababu mji ulijua hivyo.

Sasa nimtaje huyo mtu.

Nyumba yetu na ya jirani zilitenganishwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja, naye asiwe mnene. Upande wa pili alikaa muuza vitambaa tuliyemwita Bwana Mita, kwa ajili ya ile fimbo yake ya kupimia, ambayo watu waliapa kwamba imepungua vidole viwili. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, Bwana Mita aliinua paa la duka lake. Fundi wake, wa kuokoteza, alitundika mlizamu mfupi kama pua ya paka, akauelekeza moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba alicholala bibi, mama yao shangazi na baba. Ukuta ulikuwa wa udongo uliopigwa lipu. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yaliupiga tangu asubuhi mpaka jioni.

Shangazi alimwendea Bwana Mita mara tatu. Mara ya kwanza alikwenda kwa upole wote. "Jirani, mlizamu wako unatema chumbani kwa mama." Bwana Mita akasema atamwambia fundi. Mara ya pili alikwenda na ngazi yake begani, akajitolea kuugeuza mwenyewe, bure. Bwana Mita akacheka. "Mwanamke juu ya paa langu? Watu watasema nini?" Mara ya tatu alikwenda mvua ikinyesha, amelowa chapachapa. Bwana Mita alikuwa anampimia mteja kitambaa cha mapazia. Hakunyanyua hata macho. Aliinua kidole kimoja: subiri. Shangazi akasubiri pale mlangoni, maji yanamchuruzika, mapazia yanapimwa, yanakatwa, yanakunjwa, yanafungwa kwa kamba. Kisha Bwana Mita akatazama saa na kusema, "Nafunga kwenda kula, dada. Njoo saa tisa."

Saa nane ukuta ulianguka. Ulimwangukia bibi kitandani, ukamvunja nyonga. Hakusimama tena. Alikaa miezi minne anageuzwa upande huu na upande ule, na shangazi ndiye aliyekuwa anamgeuza, halafu akafa.

Bwana Mita alikuja msibani na robota la kitambaa cheupe. Akasema ni kazi ya Mungu. Baba yangu, mtu mpole kupita kiasi, alilipokea lile robota na kumpa mkono. Shangazi alimtazama baba, akautazama ule mkono, na kwa mwezi mzima hakumpakulia chakula. Wiki moja baada ya maziko, fundi wa kuokoteza alikuja kuugeuza mlizamu. Alifungua msumari mmoja, akausukuma, akafunga. Kazi yenyewe ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na shangazi alikuwa amesimama kichochoroni anamwangalia mwanzo mpaka mwisho.

Miaka ikapita. Bwana Mita akauza nyumba ile, akajenga ghorofa barabara kuu, paa la juu la vigae vyekundu, na kwa upande, chini yake, stoo pana ya vitambaa iliyoezekwa mabati. Sisi tukaujenga upya ukuta wa bibi kwa matofali. Baba akasema yamekwisha. Mimi niliyemjua shangazi nilijua kwamba hayajaanza.

Halafu asubuhi moja Bwana Mita akaingia karakana.

Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, kiatu kinang'aa. Alitazama mifereji iliyoning'inia darini, akamtazama shangazi, akatabasamu kama mtu anayemwona fundi kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Nimeambiwa wewe ndiye bingwa," alisema. "Nataka ile, nini, ile ya kutoa maji kwenye paa."

Nilingoja aambiwe aseme mlizamu. Shangazi hakumwambia. Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono, akamvutia kiti. Nilidhani Bwana Mita anajifanya hatujui, kwa aibu. Hata aibu hiyo ilinitosha kumchukia upya.

"Bosi," shangazi alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, laini kama ya muuza manukato, "bati ni la watu kama sisi. Ghorofa kama lile lako, mtu anaweka shaba nyekundu. Mifereji ya shaba, na milizamu miwili ya shaba, imetokeza juu ya stoo, mtu akiwa mwisho wa barabara anaiona inawaka. Katika mji huu hakuna mwenye nayo."

"Hakuna hata mmoja?"

"Wangeitoa wapi?"

Alimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Bwana Mita alitoka pale anatembea kifua mbele, na shangazi akarudi kwenye nyundo yake bila kunitazama.

"Shangazi," nilisema, "umelogwa?"

"Andika oda."

"Mwaka jana ulimfukuza mwenye nyumba ya wageni aliyetaka shaba. Ulimwambia nini?"

Nilikumbuka vizuri alichomwambia, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni aliondoka amenuna. Babu aliweka sheria moja isiyovunjwa: maji yaliyopita kwenye shaba usiyapitishe juu ya bati. Shaba huyatia maji kitu kisichoonekana, na kitu hicho hula bati. Hakili kwa siku moja. Kinaanza kung'ata ule weupe wa juu, kisha chuma chenyewe, tone kwa tone, na mwenye nyumba hajui mpaka aone mbingu kupitia paa lake. Fundi yeyote wa kweli anajua. Anayejua na akafanya, huyo si fundi tena.

"Paa la stoo yake ni la nini?" shangazi aliniuliza.

"Mabati."

"Na ndani ya stoo?"

"Vitambaa."

Hakuniuliza la tatu. Nikaandika oda, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Sitadanganya kwamba nilimsihi aache. Nilimkumbuka bibi anavyolia akigeuzwa, nikamwandikia Bwana Mita jina lake kwa herufi kubwa.

Shangazi alifanya kazi ile kwa wiki tano. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kikitoka kwenye mikono ya binadamu. Aliikunja shaba bila mkunjo hata mmoja wa makosa, akailehemu mpaka usione mahali ilipoungana, akaitengenezea milizamu midomo mipana yenye ukingo uliopinduliwa kidogo, ili maji yasichuruzike nyuma. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa kitu cha kuharibia. Akasema mlizamu wenyewe hauharibu kitu, mlizamu unatema maji mbali na ukuta, ndiyo kazi yake, na utaifanya.

Kitu kimoja tu aliacha. Kila kazi yetu ilikuwa na muhuri wa karakana, jina la babu, uliogongwa kwa nyundo upande wa kulia. Kwenye ile ya shaba hakuugonga. Lakini siku ya kuipandisha, Bwana Mita alizunguka na kidole chake akikagua, akauliza, "Mbona haina muhuri? Mimi nimelipia jina." Shangazi akasimama kidogo. Kisha akaniambia nilete muhuri, akaugonga mara mbili, mlizamu mmoja baada ya mwingine.

Hazikupita wiki mbili, akaja karakana mzee mmoja aliyefanya kazi na babu zamani. Tulimwita Mzee Lehemu. Alikaa, akakataa chai, akasema, "Binti yangu, nimepita barabara kuu. Nimeona shaba juu, mabati chini. Umekosea."

"Sijakosea," alisema shangazi.

Mzee Lehemu akainuka. Kisha akachukua kofia yake. "Basi usiniambie zaidi," alisema. "Baba yako angekuchapa." Akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu.

Tulianza kusubiri. Mkabala na ghorofa la Bwana Mita kulikuwa na mkahawa wenye meza mbili kibarazani. Kila mvua iliponyesha, shangazi alivua aproni, mimi nikafunga daftari, tukaenda kunywa chai. Milizamu ile ilitema kama ilivyoagizwa, mishipi miwili minene ya maji, mbali kabisa na ukuta, ikitua katikati ya paa la stoo. Mwaka wa kwanza pale ilipotua pakafifia. Mwaka wa pili pakawa na madoa meupe, kisha ya kijivu. Mwaka wa tatu nikaona wekundu, mdogo kama sarafu, nikamshika shangazi mkono kwa nguvu mpaka chai yake ikamwagika.

"Umeona?"

"Nimeona siku nne zilizopita," alisema. "Kunywa chai."

Baba alikuwa anatuuliza tunakwenda wapi kila mvua. Tulimwambia tunapunga hewa. Baba ni mtu wa kuamini kwamba watu wanapunga hewa kwenye mvua.

Paa lilitoboka mchana wa siku ya Alhamisi, katika mvua moja iliyonyesha saa mbili mfululizo. Maji yaliingia stoo kwa mashimo mawili, kila moja chini ya mlizamu wake. Mapazia, satini, vitambaa vya suti, marobota kwa marobota, yalikunywa maji mpaka yakavimba. Habari ilitufikia kabla mvua haijakatika. Shangazi aliingia chumbani, akavaa gauni lake la bluu alilolishona kwa ajili ya harusi yangu, akajipaka mafuta usoni. Tukaenda.

Barabara nzima ilikuwa imejaa vitambaa vilivyoanikwa kwenye ua, kwenye magari, kwenye baiskeli za watu. Roho yangu ilisuuzika, Mungu anisamehe kama anataka. Bwana Mita alikuwa amesimama katikati, suruali imekunjwa mpaka magotini, anapiga kelele.

"Mabati ya siku hizi! Wezi! Karatasi tupu! Miaka mitatu tu!" Akamwona shangazi, akamjia, akamshika mikono yote miwili. "Fundi, umeona balaa hili? Afadhali wewe. Jamani, mnaona? Kitu pekee kilicho kizima kwenye jengo hili ni mlizamu wa huyu mama. Hii ndiyo kazi! Mkitaka fundi, mfuateni huyu."

Watu wakageuka wakamtazama shangazi, wakatikisa vichwa kwa heshima. Watatu walimfuata njiani kutaka oda.

Usiku huo hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu nikamletea chai karakana, nikasema, "Si umepata ulichotaka?"

"Sijapata kitu," alisema. "Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kwamba ni mimi. Hajui kwamba ni kwa ajili ya mama. Ameonewa na mabati, basi. Keshanunua mengine."

"Na hayo yatatoboka. Acha yatoboke. Kila miaka mitatu, mpaka afe."

"Atayalaani mengine vilevile, na mimi atanisifu." Alikunja kipande cha bati mkononi mpaka kikamkata, wala hakukitupa. "Mtu akimwadhibu mwenzake halafu mwenzake hajui, huo ni wizi tu. Sikuwa nataka kumwibia. Nilitaka kumlipa."

Baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi, ila uso ulikuwa umemshuka. Aliingia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nakuomba. Usiseme. Ukisema, karakana hii imekufa. Nani atampa kazi fundi anayetega paa? Jina la baba liko hapo mlangoni."

"Wewe ulimpa mkono," alisema shangazi.

"Nilimpa. Nilikuwa nimechoka, dada. Mama alikuwa amekwisha kufa."

"Mimi sijachoka."

Mimi ndiye niliyekuwa katikati, na nitasema ukweli: baba alikuwa na haki. Kila sahani ya nyumba ile ilitoka kwenye lile jina. Nilimtazama baba, na mikono yake ya uzee, nikamtazama shangazi, nikasema, "Mimi nakwenda na wewe." Baba aliondoka kwenye ile ndoo bila kunitazama.

Tulikwenda Jumatatu, saa nne asubuhi, duka limejaa. Shangazi hakungoja zamu. Alisimama mbele ya kaunta na kusema, wazi, kila mtu asikie:

"Bwana, mabati yako hayakuwa mabovu. Ni mimi. Shaba ikiwa juu ya bati, maji yake yanakula bati. Fundi yeyote anajua, hata mimi najua. Nilikutega."

Bwana Mita alicheka kwanza. Akaona hakuna mwingine anayecheka. Akauliza mara mbili ni utani gani huu, na shangazi akamweleza tena, polepole, jinsi ya kwenda kuangalia: mashimo yote yako chini ya midomo ya milizamu, kwingine kote bati ni zima. Rangi ikamtoka usoni.

"Lakini kwa nini? Nimekufanya nini mimi?"

"Ulimuua mama yangu."

Mama mmoja akamshika mtoto wake. Shangazi akaeleza yote: kichochoro, mlizamu mfupi, mara tatu alizokwenda, mapazia, saa tisa, ukuta, nyonga, miezi minne. Hakulia. Alieleza kwa mpangilio, kama ninavyosoma mimi oda. Nilikuwa namtazama Bwana Mita, nangoja lile neno limguse, nione jicho linakwepa, nione jasho.

Alikuwa amekunja kipaji. Alikuwa anajaribu. Hilo ndilo nililoliona, na lilinikata maini: alikuwa anajaribu kwa dhati kabisa.

"Nyumba ya kwanza," alisema. "Ile ya zamani. Kulikuwa na jirani upande ule?" Alimtazama mfanyakazi wake mkubwa, kama vile yeye angejua. "Mama, kweli, sikumbuki. Kwa nini hukuniambia? Ningeugeuza."

Tukatoka. Njiani alitembea haraka mpaka nikawa nakimbia nyuma yake.

Baba alikuwa amebashiri sawasawa. Kabla ya wiki kwisha oda zote zilifutwa, na mimi ndiye niliyezipiga mstari daftarini, moja baada ya nyingine. Watu waliita mafundi wengine wapande kukagua mifereji yetu. Hawakukuta kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu, lakini nani analala vizuri chini ya paa ambalo limebidi likaguliwe? Mzee Lehemu alipita nje akatazama jina la babu mlangoni, akaendelea na safari yake.

Halafu likaanza jambo ambalo hakuna aliyelibashiri. Watu walianza kukumbuka. Kila mwenye mlizamu wa shangazi nyumbani kwake alikaa akajiuliza amewahi kumkosea nini. Wa kwanza kuja alikuwa muuza nyama, mtu mzima, amekunja kofia mkononi. Alisema kwamba miaka kumi iliyopita alimpa shangazi mfupa mtupu akauita nyama, na anaomba radhi. Akafuata mke wa mwalimu mkuu, aliyewahi kusema kwamba mwanamke anayepanda mapaa hataolewa. Mmoja alikiri kwamba alimpita kwenye foleni ya hospitali. Mwingine alileta mwavuli aliouazima mimi nikiwa bado sijaolewa. Walikuja na mayai, na maneno mengi, na macho yanayotazama juu kwenye mifereji yetu. Shangazi aliwapokea wote, akawasamehe wote, maana hata nusu yao alikuwa hawakumbuki.

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. "Mji mzima umetubu," alisema.

"Asiyetakiwa ndiye anayetubu," alisema shangazi.

Mwishoni mwa mwezi, mfanyakazi mkubwa wa Bwana Mita alikuja na mkokoteni. Juu yake ilikuwa mifereji yote ya shaba na ile milizamu miwili, imefungwa vizuri kwa kitambaa. Tulingoja atupe wito wa mahakama. Hakuwa nao. Alisimama amejiinamia, kijana wa watu, akasema alivyotumwa.

"Bosi anasema hatashtaki. Anasema amekaa usiku wa siku tatu anajaribu kukumbuka, ameshindwa. Anaomba mumsaidie kidogo. Huyo mama alikuwa anafananaje?"

Nilitaka kumrushia kitu. Kweli, nilikuwa nimekwisha kushika koleo. Shangazi akaniwekea mkono begani, akakaa chini, na ndipo nilipoyaona machozi yake, ambayo sikuyaona msibani wala dukani.

"Afadhali angekataa," alisema. "Angekataa, ningejua la kufanya naye."

Kisha akajifuta uso kwa aproni, akamwambia yule kijana, "Mwambie nitakuja mwenyewe kumsaidia."

Sasa hatuna oda, kwa hiyo nafasi tunayo. Kila Jumatatu, saa nne, shangazi huvaa gauni la bluu, nami humsindikiza. Anasimama mbele ya kaunta, anamweleza Bwana Mita tangu mwanzo: mama yangu alikuwa mfupi, mweupe kidogo, ana mwanya, akicheka anajifunika mdomo. Alilala chumba cha nyuma kwa sababu alipenda ubaridi. Hakuna kinachoachwa. Bwana Mita hathubutu kumfukuza, wateja wanamtazama. Anaweka fimbo yake chini, anasikiliza, amekunja kipaji, na mwisho anatikisa kichwa. Tumekwenda Jumatatu kumi na moja.

Juzi, shangazi hata hajafika kwenye ukuta, Bwana Mita akainua mikono. Macho yalikuwa mekundu. "Nakumbuka, mama," alisema. "Nimekumbuka yote. Nisamehe."

Shangazi alimtazama machoni. Kisha akageuka tukatoka. Nilimngoja aseme, tukavuka barabara, tukapita mkahawa wetu, tukafika kwenye kona.

"Anadanganya," alisema. "Anataka tu niache kuja. Jumatatu nitavaa viatu vya chini, magoti yananiuma kusimama."